Miguso Kumi na Saba

Saa mbili kasoro dakika tano asubuhi, Bi Kasoro alifungua mchezo wa kwanza na kukuta kitufe cha "Anza" kimevimba. Kilikuwa kikubwa kama sahani, kimeifunika yote saa inayohesabu muda wa mchezo. Akafungua wa pili: vilevile. Wa tatu, wa nne, mpaka wa tisa. Michezo yote tisa ya hesabu, ambayo watoto wa shule wangeicheza saa nne kamili, ilikuwa na ugonjwa mmoja.

Sababu ya kuugua pamoja aliijua. Pale ofisini hakuna aliyetengeneza kitufe mara mbili. Kitufe kilikuwa kimoja, kimehifadhiwa kwenye kabati la pamoja ndani ya kompyuta, na kila mchezo ulikiazima. Ukikigusa kabatini, umegusa michezo yote. Kazi ya Bi Kasoro ilikuwa kuvijaribu vipande hivyo kabla havijatoka, na kwa kuwa kosa halikumpita, hilo ndilo jina alilopewa.

Meneja alikuja mbio, akasoma orodha ya mabadiliko. "Saa moja na dakika ishirini. Kompyuta ya Mshonaji."

Wote wakageuka. Mshonaji alikuwa mama wa watoto wawili, aliyeshona magauni miaka kumi na mitano kabla ya kujifunza kazi hii ya kompyuta. Alikuwa katika wiki ya mwisho ya miezi mitatu ya kupimwa kazini.

"Mama, umetufanyia nini?"

"Sijagusa, bosi. Nilifika saa moja, nikawasha kompyuta, nikampeleka mwanangu shule hapo jirani. Nimerudi saa moja na nusu."

"Ukaiacha wazi?"

Mshonaji aliinamisha kichwa. Machozi yalimtangulia jibu.

"Aliyefanya hivi anaondoka leo," Meneja alisema. "Na kwa sasa jina lililopo ni lako."

"Kurudisha cha zamani ni dakika mbili tu," Fundi alidakia kutoka mezani kwake. "Nirudishe, yaishe."

"Kirudi kwenye michezo, lakini hiki kipya nibakizieni nakala," alisema Bi Kasoro. "Nipeni mpaka saa tatu na nusu."

Alianza na Mchoraji, aliyefika saa moja na dakika kumi na ambaye kila wiki aligombana na watu juu ya kitufe hicho.

"Mimi?" Mchoraji alicheka. "Mwaka mzima napigania kiwe kidogo! Mimi nikiharibu kitu, dada, kitaharibika kwa urembo."

"Saa moja na dakika ishirini ulikuwa wapi?"

"Barazani, kwenye simu. Nilitoka na ufunguo wa nyumba, mke wangu kafungiwa ndani. Mpigie umuulize, ila ujue ataanza kufoka upya."

Bi Kasoro alipiga. Kweli, mke alianza upya.

Fundi ndiye aliyekibuni kitufe hicho, na ndiye aliyewafundisha wote. Alikuwa amekaa na chai yake, nusu kikombe kama siku zote za karibuni.

"Nilikuwa hapa hapa," alisema. "Usijisumbue, dada. Kitufe kimesharudi."

"Na Mshonaji?"

Fundi alitazama dirishani. "Atapata kazi nyingine," alisema, kama mtu anayemeza mfupa.

Bi Kasoro alirudi kusoma kitufe kipya, mstari kwa mstari. Hakikuwa kimenenepa tu. Kilikuwa kimefundishwa subira: ukikigusa mara mbili ndani ya nusu sekunde, kilihesabu mara moja. Na pembeni yake palikuwa na jaribio lililoandikwa kwa uangalifu, la kidole kinachoteleza na kujirudia.

Aliegemea kiti. Tangu lini mharibifu akaandika jaribio? Huyu hakutaka kubomoa. Alikuwa anatafuta kitu. Na kwa nini atumie kompyuta ya Mshonaji? Bi Kasoro aliitazama, kisha akanyoosha mkono na kukigusa kioo. Ilikuwa ndiyo pekee chumbani iliyosikia vidole.

Saa tatu na nusu aliwaita wote mbele ya kioo hicho. Alikuwa ameweka kitufe cha zamani, na chini yake nafasi ambapo kila mguso uliacha nukta.

"Kila mtu aguse mara kumi."

Mshonaji aligusa. Nukta kumi. Mchoraji naye, kumi. Fundi alibaki na mikono mfukoni.

"Mimi nilikitengeneza mwenyewe."

"Ndiyo maana nakuomba, kaka. Mficha maradhi, kilio humfichua."

Fundi alitoa mkono wa kulia. Ulikuwa unatetemeka. Aligusa mara kumi, taratibu, huku ameuma mdomo. Nukta zilikuwa kumi na saba.

"Miezi minne sasa," alisema. "Nikigusa mara moja, mkono unarudia wenyewe. Nilitaka kujua kama kitufe kinaweza kunisubiri. Nilidhani nafanyia kwenye nakala, kumbe nilikuwa kabatini. Meneja alipotaja kuondoka, ulimi ukaganda." Alimgeukia Mshonaji. "Kitufe ni bahati mbaya. Kukuona unalia nikanyamaza, hilo ndilo kosa langu."

"Nina watoto wawili, Fundi. Ungewatazamaje usoni?"

"Nisingeweza."

Meneja alikohoa.

"Nilisema aliyefanya anaondoka, na ataondoka. Leo hii, kwenda hospitali. Akirudi atakuta meza yake. Ila kuanzia leo hakuna kinachoingia kabatini bila mtu wa pili kukiona, na mtu huyo ni Mshonaji."

Mshonaji alifuta macho kwa kiganja. Alivuta kiti, akakirudisha kiooni kile kitufe kilichovimba, akakikagua kama anayemkagua mteja.

"Wapo watoto wa vidole kama hivi pia," alisema. "Mtu akinenepa hatumkati mwili. Tunaachia mshono."

Akaisogeza saa ya mchezo kando, kidogo kidogo, mpaka vyote viwili vikaenea. Bi Kasoro alijaribu michezo yote tisa. Saa nne kasoro dakika tano, Mshonaji alisimama, akampisha Fundi kwenye kiti chake.

Fundi alinyoosha mkono uleule. Akagusa mara kumi, na Bi Kasoro akahesabu nukta kwa sauti, moja baada ya nyingine.

Zilikuwa kumi.