Skrini Iliyokataa Kutanuka

Kila asubuhi mimi na rafiki yangu Palak hupanda mlima wa Nyanchwa kwenda shuleni, tukiwapisha waendesha boda boda wanaotupigia honi kana kwamba barabara ni yao. Duka la vitambaa la baba yangu na duka la vyombo la kwao yameshikana ukuta. Tangu chekechea hatujawahi kufichana jambo. Ndivyo nilivyodhani.

Katika chama chetu cha kompyuta, programu ya kuchora ramani ni ya zamani na haikubali kompyuta mpya. Kwa hivyo Mwalimu Nyasani alitutengenezea mashine pepe, yaani kompyuta ya zamani inayokaa ndani ya dirisha la kompyuta mpya. Ukilitanua dirisha, skrini ya ndani hutanuka yenyewe. Humo nilichora ramani ya soko la Daraja Mbili muhula mzima, kuanzia kwa wauza ndizi hadi kwenye mitumba. Alhamisi ya mwisho wa muhula, alasiri, wazazi wangekuja kuiona ukutani kwa projekta.

Siku hiyo, baada ya chakula cha mchana, niliwasha projekta. Ala! Ramani ilijikunyata katikati ya ukuta, weusi mtupu pande zote, na sehemu yake ya chini imekatwa. Nikavuta pembe ya dirisha. Dirisha likatanuka, skrini ya ndani ikabaki vilevile. Nikatafuta kwenye menyu: chaguo la skrini kujitanua lilikuwa limefifia, halibofyeki. Nikazima, nikawasha. Wapi!

"Nani ameigusa mashine hii?" Mwalimu Nyasani akauliza.

Palak, aliyekuwa na zamu ya kuwasha kompyuta asubuhi hiyo, akajibu bila kunitazama: "Ruqiya ndiye aliyekuwa hapa wa mwisho."

Nilihisi kama nimemwagiwa maji baridi. Palak huyu huyu niliyegawana naye chapati jana? Anisingizie mbele ya chama kizima?

"Wallahi, Mwalimu, sijabadilisha kitu!"

"Kama hatujui kilichobadilika, itabidi tuirudishe mashine kwenye nakala niliyoihifadhi mwanzo wa muhula. Wazazi wako njiani."

"Na ramani yangu?"

"Itafutika, Ruqiya. Nimejaribu kuitoa nje, faili hazipiti. Pole sana."

Machozi yalinilengalenga. Nilimtazama Palak. Alikuwa ameinama akifunga kamba za viatu zilizokuwa zimefungwa tayari.

Mwalimu akashika kipanya.

"Mwalimu, ngoja!" Palak akaruka. "Ni mimi. Asubuhi ujumbe wa kusasisha mashine ya ndani ulikuwa unanisumbua, nikakubali. Ilipowaka tena, skrini ilikuwa ndogo. Niliogopa kufukuzwa chamani."

"Kwa hivyo ukaniuza mimi!" nilimfokea. "Ulikuwa unajua, na ungeacha kazi yangu ifutwe!"



"Kumbe!" Mwalimu akashusha pumzi. "Ungesema mapema. Ndani ya mashine ile kuna programu saidizi. Ndiyo inayoiambia skrini dirisha lina ukubwa gani, na ndiyo inayopitisha faili. Mfumo ukisasishwa, saidizi ya zamani inaweza kuacha kufanya kazi. Tunaiweka upya tu."

Akaiweka upya, akaiwasha mashine ya ndani tena. Chaguo lile la menyu sasa lilikuwa limekolea, akalibofya. Nikavuta dirisha, na ramani ikajaa ukuta. Chini kabisa, pale palipokuwa pamekatwa, pakaonekana maneno: "Imechorwa na Ruqiya na rafiki yake Palak."

Alikuwa amenisaidia kuchagua rangi tu. Nililiandika jina lake jana yake jioni kwa siri, nikitaka alione akiwa na mama yake. Palak alisoma, akauficha uso kwenye sweta.

"Kila mmoja wenu ataharibu kitu siku moja, hata mimi," Mwalimu alisema kwa upole. "Ukieleza ulichofanya, tutakirekebisha. Lakini ukimtupia mwenzako lawama, unaharibu kitu ambacho mimi sina programu ya kukitengeneza."

"Nisamehe, Ruqiya," Palak alinong'ona. "Futa jina langu."

"Sifuti," nikajibu, roho bado ikiniuma. "Lakini wazazi wakifika, wewe ndiye utakayewaambia ni nani aliyeiharibu skrini."

Aliwaambia, mama yake akisikia. Jioni tuliteremka mlima, mimi upande huu wa barabara, yeye upande ule. Nilipofika kona ya kuelekea dukani, nilisimama nikamngoja.