Mashine Isiyosikia

Walikutana kwenye duka la vipuri, foleni imefika mlangoni. Fundi alikuwa mwanamke mwembamba, ovaroli yake ya buluu imetobolewa na cheche za lehemu. Mwanamume nyuma yake alikuwa mwokaji mikate. Unga ulimganda hadi kwenye kope, na mkononi ana kibao cha umeme kilichoungua.

"Dada, hiki kinafufuka?"

"Hicho ni cha kuzika, kaka. Nitakutengenezea kingine."

Kweli akakitengeneza, cha kuongoza mashine ya kukandia unga. Kompyuta ndogo kama ukucha ilituma namba, na chipu ya pembeni yake ikazigeuza kuwa umeme wa kuiambia mota ikimbie au isimame. Alikichora na kukilehemu simu ikiwa begani, mwokaji akimchekesha. Kikafanya kazi. Mapenzi nayo yakaiva upesi. Mwokaji akaitwa Mkate, naye akamwita mwenzake Fundi Wangu.

Wiki ya tatu simu zikabadilika.

"Fundi Wangu, nimebonyeza kitufe cha kusimamisha, bado inazunguka."

"Sema tu umenimiss, Mkate."

"Sitanii leo."

Fundi akaenda. Akakishika kibao, akabonyeza. Mota ikatulia tuli. Akaitwa tena, na tena. Kila akikishika, kinatii. Mara ya mwisho akacheka mbele ya dada wa mwokaji, mwenye kiwanda cha mikate.

"Mwongo wewe! Ukinitaka niite, usiisingizie mashine."

Mwokaji hakucheka. Kila siku alitia mkono ndani ya bakuli la chuma la mashine kukwangua unga.

"Siku utakayoniamini," alisema taratibu, "naogopa itakuwa imechelewa."

Siku nne hakupiga simu. Fundi naye hakupiga. Kiburi si maungwana, lakini alikuwa nacho.

Asubuhi ya tano Fundi alikuwa kwake akijaribu, kwenye mota ndogo, kibao cha akiba alichokitengeneza kwa mchoro uleule. Mkono mmoja ulishika kikombe cha chai. Kwa mwingine akabonyeza kusimamisha. Mota ikaendelea. Akaweka kikombe, akakishika kibao, akabonyeza: ikasimama. Akaiwasha upya, akakiachia, akabonyeza. Ikaendelea.

Akachukua lenzi. Mguu mmoja wa chipu, unaoipa anwani ambayo kompyuta huitumia kuifikia, haukuunganishwa na chochote. Kwenye mchoro alikuwa ameusahau. Kibao kikishikwa, mkono uliutuliza mguu huo; kikiachwa peke yake, chipu ilibadili anwani ovyo. Amri ya kusimama ikaenda pasipo na mtu, na mota ikashikilia mwendo wake wa mwisho. Mkono wake mwenyewe ndio uliokuwa ukiuficha ubovu.

Akapiga simu. Ikaita hadi ikakata. Akampigia dada mtu.

"Dada, zima swichi kuu!"

"Niko dukani, mdogo wangu. Yuko peke yake, anakwangua unga."

Alikimbia na ndara zake za nyumbani. Alipofika, mashine ilikuwa ikizunguka na hakuna aliyeisimamia. Akakata swichi kuu. Mwokaji ameketi sakafuni kando ya magunia, mkono wa kulia umefungwa kwa aproni, na aproni imelowa damu. Dada yake akaingia akihema.

"Nilijisahau, dada," mwokaji akamwambia dada yake. "Sikubonyeza."

"Alibonyeza," Fundi akasema, machozi yakimtoka. "Kila siku alibonyeza. Kosa ni la kibao changu, na aliniambia, nikamcheka."

Mwokaji akamtazama sana, kisha akamnyooshea mkono wa kushoto.

"Nishike, twende hospitali," akasema. "Na usiniachie."