Nyumba Iliyonunuliwa Chini ya Theluji

Kila siku Mama Stefania ndiye aliyeamka wa kwanza. Alipanda ngazi kutoka chumba chake cha chini ya ardhi, akabandika chai, kisha akamwamsha binti yake, Lorna. Asubuhi moja ya Aprili, theluji ya mji wa Winnipeg ikiyeyuka, alipanda akiacha nyayo za maji sakafuni.

"Lorna mwanangu, soksi zangu zimelowa," alisema. "Na sanduku langu pia."

Lorna alishuka mbio. Zulia lilikuwa limelowa chepechepe. Sandukuni mlikuwa na picha za marehemu baba yake, zimegandana, hazibanduki. Alilia pale pale kwenye ngazi.

Mama huyu alikuwa ameuza nyumba yake ya shambani ili Lorna na mumewe wapate kununua hii, naye apate chumba cha kuzeekea. Sasa aliomba jambo moja tu.

"Nipelekeni kwa kaka yako, mjini Brandon. Huko nitalala pakavu."

Wakampeleka. Njia nzima alilipakata sanduku lake.

Jirani yao Bernice, fundi wa kuta, alikuja kutazama.

"Mlinunua lini?"

"Januari," alijibu Darcy, mume wa Lorna.

"Mkaguzi wa nyumba alisemaje?"

Darcy aliinamisha macho. "Hatukumleta. Dalali alisema wanunuzi ni wengi, na anayetaka mkaguzi atakosa. Bei ilikuwa nafuu, nikaona tusilaze damu."

"Mimi nilikwambia tungoje!" Lorna alifoka. "Ukaniita mwoga."

"Mtagombana baadaye," alisema Bernice. "Nishikieni hapa."

Alibandua ubao mpya uliong'aa. Nyuma yake palikuwa na ufa, kutoka juu mpaka sakafuni.

"Udongo wetu ni wa mfinyanzi. Ukilowa unavimba, ukikauka unanywea, na ukuta unapasuka. Wakati wa baridi maji yameganda, kwa hiyo kila chumba cha chini kinaonekana kikavu. Mkaguzi habomoi ukuta wa mtu, lakini angeuliza kwa nini mbao ni mpya upande huu tu. Na nyinyi mngemuuliza mwenye nyumba kama maji yaliwahi kuingia."

"Hatukuuliza chochote," alisema Lorna.

Bernice akawatoa nje. Bomba la maji ya paa lilimwaga maji chini ya ukuta, na ardhi iliinamia nyumba.

"Mnainywesha wenyewe," alisema.

Kiangazi kile hawakupumzika. Bernice aliziba ufa. Darcy alirefusha bomba, akajaza udongo kuzunguka nyumba ili maji yaelekee barabarani. Kila Jumapili Lorna alimpigia mama yake simu. Mama alijibu, "Nipo," basi.

Theluji ilipoyeyuka tena, Lorna alishuka kila asubuhi na kupapasa sakafu. Ilikuwa kavu. Ndipo wakamfuata mama yao.

Mama Stefania alivua viatu, akakanyaga sakafu kwa soksi, taratibu, kutoka pembe hadi pembe.

"Pakavu," alisema.

"Karibu nyumbani, Mama," alisema Darcy. "Nipe sanduku nikuwekee chini ya kitanda."

"Liache juu ya kiti, baba."

Mvua za Juni zilinyesha kwa nguvu, na halikuingia hata tone. Mama Stefania analala vizuri. Anaamka wa kwanza, anabandika chai. Sanduku bado liko juu ya kiti, na hakuna anayethubutu kuliteremsha.