Hati Iliyolowa Mate

Karatasi ilikuwa kavu Fundi alipoikunja ofisini kwa wakili, na ilikuwa kavu alipoitia kwenye mkoba. Alipofika nyumbani adhuhuri na kuikunjua kando ya cherehani, pale alipobonyeza dole gumba palikuwa pamelowa chepechepe. Akapafuta kwa kipande cha kitambaa. Kitambaa kikanuka mdomo wa mtu aliyelala na njaa.

Akajiambia ni jasho. Mwenye shida hujipa majibu upesi, na Fundi maji yalikuwa yamemfika shingoni. Mdogo wake, yule waliyemwita Mrefu, alikuwa na wiki ya tatu mahabusu. Alikuwa mtunza stoo kwenye ghala la magodoro. Ghala likaungua, mlinzi akafia ndani, na mpagazi mmoja akaandikisha polisi kwamba alimwona Mrefu akitoka mlango wa nyuma na dumu la mafuta. Mrefu akasema saa hiyo alikuwa ng'ambo ya barabara kwa mama wa chai, kikombe mkononi. Mama wa chai naye akasema ndiyo, alikuwa hapa, tena alinidai sukari zaidi. Lakini kesi ni ya kuua, na mtu akitiwa hatiani kwa kesi hiyo, ndugu zake wanaanza kumzungumzia kama marehemu.

Basi Fundi alikuwa ametafuta wakili, na hapo ndipo alipojikoroga.

Wa kwanza alikuwa mwanamke wa makamo, ofisi yake juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kiti cha wageni kimefungwa kamba mguu mmoja. Watu walimwita Mama Wakili. Alimuuliza maswali saa nzima, mpaka Fundi akaona kama yeye ndiye mshitakiwa.

"Mimi siahidi kitu kabla sijasoma jalada," alisema. "Na kwanza nikamwone yeye mwenyewe. Mteja wangu ni yeye, dada, si wewe. Atie saini yeye, aniambie yeye."

Fundi akatoka pale roho imemnyong'onyea. Mume wa dada yake, shemeji mmoja mwenye neno la mwisho kwenye kila jambo lisilomhusu, alipoelezwa alicheka mpaka akashika ubavu.

"Siahidi kitu! Shemeji, ungekwenda kwa daktari akakwambia siahidi kama utapona, ungemvulia nguo? Yuko mwingine. Huyo kesi zake hazisikilizwi hata siku mbili. Mashahidi hawasemi."

"Hawasemi kwa nini?"

"Wewe unataka wakili au unataka hadithi?"

Tusimfichie Fundi. Alielewa. Alielewa palepale, uzi mdomoni, na akaenda.

Ofisi ya huyo wa pili ilikuwa safi mno, vigae vinang'aa, baridi ya kiyoyozi inaingia kwenye mifupa. Chini ya usafi huo palikuwa na harufu tamu, ya maziwa yaliyosahauliwa kwenye kikombe. Karani alikuwa na leso puani na hakuiondoa hata kusalimia. Wakili mwenyewe alikuwa mtu wa tabasamu, na kila alipofungua ukurasa alilamba kidole. Ulimi wake ulikuwa mweupe, mnene, kama uji uliolala.

"Nitamleta lini umwone mdogo wangu? Yaani, utakwenda lini?" Fundi aliuliza.

"Wa nini? Nitajie wanaojua habari za moto ule."

Fundi akamtaja mpagazi. Wakili akaandika, akalamba kidole. "Na mwingine?"

"Mama wa chai. Lakini huyo ni wa kwetu, ndiye wa kumtetea."

"Nimesema wanaojua. Na mwingine?"

"Basi tena... ni Mrefu mwenyewe."

Wakili akaandika. Akasukuma hati ya kumteua mbele yake na kumuuliza mteja ni nani. Fundi akasema, "Si ndiye mimi niliyekuja?" Wakili akafurahi kama mtu aliyepewa mkono wa bibi harusi. Wino hakutoa. Alisema, "Lamba," na Fundi akalamba dole gumba lake, akalibonyeza chini ya orodha ya majina matatu. Ndani ya kabati nyuma ya wakili pakasikika kitu kama mbwa anakunywa maji. Karani akageuka ukutani.

Hiyo ndiyo hati aliyoifuta kwa kitambaa. Aliitia kwenye droo, chini ya vitambaa vya wateja, akashona mpaka alasiri. Kila alipoacha kukanyaga cherehani, alisikia droo. Mlapu. Mlapu. Akikanyaga, hasikii. Akiacha, mlapu. Siku ile alishona pindo za mapazia ambazo hakuna aliyeziagiza.

Siku ya tatu shemeji alikuja amechangamka. "Mpagazi ameota madonda mdomoni. Hata maji hayapiti. Polisi wamemwita aje athibitishe maneno yake, kaenda anabubujika povu tu. Nilikwambia!"

Na Fundi alifurahi. Alicheka naye, akamchemshia chai. Kama kuna mahali pa kumchukia katika habari hii, ni hapo, na baadaye yeye mwenyewe alijichukia zaidi ya utakavyoweza wewe.

Siku ya tano alimkuta mama wa chai hayuko kibandani. Akamfuata chumbani kwake, chumba kimoja cha kupanga, madirisha wazi, nzi wamejaa. Binti yake alikuwa akimpa maji kwa mrija, na maji yakirudi yote kifuani.

"Anaumwa nini?" Fundi alinong'ona.

"Hospitali wamesema hawaoni kitu. Lakini usikaribie sana, shangazi. Si ugonjwa huu. Ni jini. Angalia."

Mama wa chai akafumbua mdomo, maskini, kwa kuwa alitaka kusema, alitaka sana, macho yamemtoka. Na ndani ya mdomo ule Fundi aliona ulimi wa mama wa chai umebanwa kando, umesinyaa, mdogo kama wa mtoto, na juu yake umelala ulimi mwingine, mweupe, mnene, unaolamba fizi zake polepole, jino kwa jino, kama mtu anayelamba sahani asiyetaka kubakiza kitu. Harufu ilikuwa ileile ya hati. Fundi alitoka mbio, akatapika kwenye mtaro, na hata matapishi yake aliyaona masafi kuliko alichokiona mle ndani.

Kesho yake ilikuwa siku ya kutembelea mahabusu. Alipanga foleni toka asubuhi, akaandika jina, akapekuliwa, akasimama mbele ya wavu. Mrefu akaletwa, amekonda, midomo ameifunga kama aliyeshikilia maji.

"Mrefu. Sema na mimi."

Akatikisa kichwa.

"Mdogo wangu, sema hata salamu."

Mrefu akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akasogeza uso kwenye wavu, akafumbua kidogo tu, na kabla Fundi hajarudi nyuma kile kitu kilitokeza kwenye meno ya mdogo wake, kikalamba waya, kikalamba waya tena mpaka kikafika pale vilipokuwa vidole vya Fundi, cha moto na chepechepe, kikavilamba kimoja kimoja kwa upole kama kinachomjua mwenyewe. Machozi yalikuwa yakimtiririka Mrefu. Askari akasema muda umekwisha.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye ile ofisi ya vigae, mkono ameuning'iniza mbali na nguo.

"Umemfunga mdomo mdogo wangu! Atajiteteaje?"

"Keti, mama," wakili alisema, akafungua ukurasa, akalamba kidole. "Kazi inakwenda vizuri. Asiyesema hakosei."

"Atafungwa! Jaji akimuuliza asipojibu, atafungwa maisha!"

"Huenda. Lakini yeye si mteja wangu." Alimtazama kwa huruma kabisa. "Mteja wangu ni wewe. Umesaini mwenyewe. Je, kuna mtu anayekusema vibaya?"

Fundi alipita nyumbani kuichukua hati, kisha akapanda ngazi za duka la vifaa vya ujenzi. Alikaa kwenye kiti cha kamba, akamweleza Mama Wakili yote, hata kile kicheko na shemeji. Hicho alikitoa mwisho. Mama Wakili aliisoma hati ile kwa mbali, ameishika kwa ncha za kalamu mbili.

"Mimi majini siyajui," alisema. "Karatasi nazijua. Hapa umemwajiri mtu anyamazishe watu watatu, na mdogo wako umemweka mwenyewe kwenye orodha. Jumatatu anapandishwa mahakamani. Mbele ya jaji umkatae wakili huyu, na useme ulimwajiri kwa kazi gani. Useme kwa mdomo wako, watu wote wasikie. Nusu nusu haitafaa."

"Nikisema hivyo nitakamatwa?"

"Huenda ukaulizwa."

"Utanitetea?"

"Kama haitagongana na kesi ya mdogo wako. Siahidi." Kisha akamsogezea glasi ya maji. "Kunywa. Una uso wa majivu."

Jumatatu mahakama ilijaa. Mrefu alikuwa kizimbani. Jaji akamuuliza jina mara mbili, kimya, akamwonya kwamba kimya hakimsaidii, kimya. Wakili wa vigae akainuka, akasema mshitakiwa hana la kusema. Shemeji, aliyekaa mstari wa mbele, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Fundi akasimama. Askari akamwambia keti. Hakuketi.

"Mheshimiwa, huyo wakili nilimleta mimi. Nilimleta kwa sababu niliambiwa mashahidi wake hawasemi. Nilijua maana yake. Nilitaka mpagazi anyamazishwe, na aliponyamazishwa nilicheka, nikanywa chai."

Ukumbi ukanong'ona. Jaji akagonga meza, lakini akamwacha aendelee. Fundi akasema namkataa, akaitaja hati, akayataja majina matatu, mpagazi, mama wa chai, mdogo wake wa tumbo moja, na kadiri alivyotaja ndivyo karatasi ilivyozidi kulowa mkononi mwake, ikavuja, ikamtiririka kwenye kiwiko mpaka ikachanika yenyewe vipande vipande, na kizimbani Mrefu akainama, akashika ukingo kwa mikono miwili, akakoroma toka tumboni, shingo imemvimba kama ya chatu aliyemeza, mpaka kikamtoka, hicho cheupe, kirefu kama mkono wa mtu mzima, kikaanguka kwenye mbao, kikajinyoosha, kikateleza sakafuni kati ya viatu vya watu kikilamba vumbi njia nzima, na kilipofika kwenye meza ya mawakili yule bwana akafungua mkoba wake kwa mguu, taratibu, kama unavyomfungulia paka mlango, kikaingia, akafunga zipu, akalamba kidole na kukusanya karatasi zake.

Watu wengine waliona mshitakiwa ametapika tu. Askari akaita mwenye deki.

"Dada," Mrefu alisema. Sauti ilikuwa imechubuka. "Sikuchoma mimi."

Tangu hapo kesi ilikwenda kama kesi za watu. Mrefu alimteua Mama Wakili kwa saini yake mwenyewe. Mama wa chai, ulimi wake umemrudia, alikuja na binti yake, akasema aliyoyaona. Mpagazi, madonda yamepona, alibanwa kwa maswali mpaka akakubali aliona mgongo wa mtu mrefu tu, na warefu mjini ni wengi. Fundi aliitwa kituoni mara tatu kwa habari ya kunyamazisha mashahidi, na hilo halijaisha mpaka leo. Mwezi wa nne Mrefu akaachiwa.

Siku ya kumtoa, Fundi alisubiri langoni na nguo safi kwenye mfuko. Mwanamke mmoja mwembamba akamsogelea, binti yake yuko ndani, kesi ya kisu. Alikuwa amesikia habari.

"Ndugu yangu, nasikia wewe uliwahi kuwa na yule wakili."

Fundi akamshika mkono, akampeleka pembeni, akamweleza. Hakumficha kitu: droo, mama wa chai, wavu, kile kilichoteleza sakafuni. Alieleza mpaka jasho likamtoka. Yule mama alisikiliza kwa adabu, akiitikia kwa kichwa panapostahili, akisema pole. Fundi alipomaliza, yule mama akautazama ule mfuko wa nguo.

"Lakini mdogo wako ametoka, si ndiyo?"

"Ametoka, lakini si kwa yule..."

"Ametoka." Akapekua kwenye mkoba. "Nielekeze basi ofisi yake iko wapi."

Fundi akageuka pembeni akatema mate. Alipomgeukia, yule mama alikuwa bado anamngoja, amefungua kidaftari, na kalamu ameshaishika.