Mguu wa Odeta na Mguu wa Pikapu

Haya nilisimuliwa na Annonciata, mke wa mtoto wa dada yangu, mwaka wa tisini na saba, mvua zilipokwisha kukatika. Tulikuwa tumekaa nyuma ya nyumba yake pale Katumba, tunachambua maharage kwenye ungo mmoja. Yeye anasimulia, mimi natupa vijiwe. Nimeandika kama alivyosema. Ila pale alipokimbia, mimi nimetembea, maana wapo wanaoanza kusoma sasa hivi na hawapendi kukimbizwa.

Mume wake anaitwa Leonidas. Ni mkulima wa mahindi na maharage. Kiangazi kikifika hukata tairi kuukuu na kutengeneza katambuga za kuvaa miguuni. Alikuwa na pikapu nyekundu, ya zamani, iliyopauka mpaka ikafanana na udongo wa barabara yetu. Ikisimama mbali, huioni. Unaona vioo tu vinang'aa, kama maji.

Pikapu hiyo ilipeleka mahindi Mpanda mjini na kurudi na chumvi na sabuni. Jumapili ilibeba wanakwaya. Na ilikuwa na sauti yake. Ikipita kwenye makorongo, ilikuwa inalia chini kwa mbele, kwii, kwii, kama njiwa. Annonciata aliipenda sauti ile. Alisema mchana akiwa amejilaza, njiwa yule alimwingia usingizini kutoka mbali, kabla gari halijaonekana. Basi anajua mume wake anarudi, na anaendelea kulala.

Leonidas hakuipenda sauti hiyo. Akafanya kama sisi tuliotokea Burundi tunavyofanya. Kwetu mawese ni ya mboga, ni ya ngozi ya mtoto, ni ya bawaba ya mlango. Akachukua unyoya wa kuku, akauchovya kwenye mawese, akapaka zile raba zilizo chini ya gari kwa mbele. Gari likanyamaza. Baada ya muda likalia tena, naye akapaka tena. Mwisho raba zikavimba, zikalainika, zikaanza kumeguka. Leonidas akakata raba nyingine kutoka kwenye tairi lake la katambuga, akazigonga kwa nyundo mpaka zikaingia. Akaona kazi imekwisha.

Mwaka ule walijaliwa mtoto wa kike, Odeta. Alizaliwa mzima, analia vizuri, ananyonya vizuri. Lakini mguu wake wa kushoto ulikuwa umepinda kuelekea ndani, kama mtu anayetaka kuutazama unyayo wake mwenyewe.

Walimpeleka hospitali, Mpanda. Huko walimkuta nesi mmoja, Sista Immaculata. Aliushika ule mguu mdogo kama mtu anavyoshika kifaranga. Akaunyoosha kidogo tu, akaushikilia hapohapo, akaufunga plasta, ile nyeupe inayokauka ikawa ngumu. Akawaambia waje kila Alhamisi. Kila Alhamisi angefungua plasta, angenyoosha kidogo tena, na kufunga nyingine.

"Mguu wa mtoto mchanga ni laini," alisema. "Unakubali. Lakini ukiuacha, unarudi ulikotoka. Msikose."

Basi kila Alhamisi pikapu ikaenda mjini na kurudi. Odeta alilala njia nzima, mguu mweupe umetokeza kwenye kanga.

Alhamisi moja Leonidas aliona mbuzi barabarani, akakanyaga breki. Gari likavuta kushoto lenyewe, kama mtu aliyeshikwa mkono. Likaingia kwenye majani marefu, likasimama huko. Hakuna aliyeumia. Mbuzi naye aliendelea kula. Lakini gurudumu la mbele kushoto lilikuwa limegeukia ndani, na usukani haukulirudisha sawa. Waliikokota pikapu pole pole mpaka nyumbani, na wiki ile Odeta hakufika kwa Sista.

Basi pikapu ikakaa uani, haiendi popote. Mwendesha baiskeli mmoja akapeleka ujumbe hospitali, akarudi na jibu. Sista alisema wiki moja ataivumilia. Wakikosa na Alhamisi inayofuata, kazi yote itarudi mwanzo.

Mchana ule Annonciata alisinzia mlangoni, mtoto mapajani. Akaota pikapu inatembea yenyewe porini, katikati ya miombo, bila dereva. Gurudumu la mbele limefungwa plasta nyeupe. Inakanyaga majani makavu kwa uangalifu, kama inaogopa kuamsha mtu. Alipofumbua macho, gari lilikuwa palepale uani, gurudumu limepinda. Mguu wa Odeta ulikuwa mapajani mwake. Alitazama kimoja, akatazama kingine.

Jirani yao Maduhu alikuja jioni kuleta maziwa. Maduhu ni Msukuma. Alihamia huku na ng'ombe wake, lakini ujanani alikuwa fundi wa malori ya pamba. Alisimama karibu na gari, akavuta pumzi puani.

"Mayu," alimwambia Annonciata, maana ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama, "hili gari lenu linanuka kama sufuria."

Annonciata akamwambia ni mawese. Maduhu akachuchumaa, akachungulia chini, akakaa huko muda mrefu.

"Nyie watu wa mawese," alisema, "iko siku mtalikaanga gari hili mlile na ugali."

"Na wewe ungelipaka samli," alisema Leonidas.

Maduhu alikiri kwamba samli angeifikiria. Kisha akaacha utani. Akainua gurudumu kwa jeki, akalishika juu na chini, akalisukuma na kulivuta. Chuma kikagonga ndani: ko, ko. Akamwambia Leonidas aweke mkono naye asikie. Ko, ko.

Akawaeleza. Kila gurudumu la mbele limeshikwa na mkono wa chuma ulio chini ya gari. Mafundi wanauita wishboni. Upande wa ndani, mkono huo umefungwa kwenye gari, na hapo kuna raba inayoitwa bushi. Hilo ndilo bega lake. Upande wa nje, unashika gurudumu kwa kifundo cha mviringo kinachoitwa boli jointi. Bega likilegea, gurudumu linakwenda linakotaka, na tairi linalika upande mmoja. Breki ikikanyagwa, gari linavuta.

"Na kifundo kikichomoka?" aliuliza Annonciata.

"Gurudumu linalala. Gari nalo linalala juu yake."

Leonidas alifuta mikono kwenye suruali, ingawa ilikuwa safi. Akasema mtoto alikuwa ndani ya gari lile. Maduhu alisema kwamba mafuta ya namna yoyote ni adui wa raba, iwe mawese, iwe grisi, iwe samli yake mwenyewe. Raba ikinywa mafuta inavimba na kuoza. Na raba ya tairi inafaa miguuni pa watu. Kwenye gari ni ngumu mno, maana bushi inatakiwa ijipinde kidogo na kurudi.

Leonidas akauliza kama wangeweza kubadilisha bushi peke yake. Maduhu akasema boli jointi nayo imekwisha, na mikono yenyewe imetoboka kwa kutu. Afadhali kubadilisha mikono yote miwili, kushoto na kulia. Ukibadilisha mmoja, gari litachechemea.

Leonidas ana shemeji yake Tabora, Silvester, anayeuza spea. Walimtumia habari kwa treni. Kwa treni mikono miwili mipya ikarudi, imefungwa kwenye gunia, bushi na boli jointi zimo tayari. Ilifika Jumatano asubuhi. Alhamisi ilikuwa kesho yake.

Maduhu alikuwa amekwisha kumwagia nati za zamani dizeli kidogo tangu jana yake, ili kutu ilegee. Mikono ya zamani ilikuwa ya kutupwa, kwa hiyo dizeli haikudhuru kitu. Wakasogeza gari mahali tambarare, penye udongo mgumu. Wakaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma, gari lisitembee. Wakalegeza nati za magurudumu ya mbele kabla ya kuinua. Kisha wakainua kwa jeki, na chini ya fremu wakaweka magogo mazito ya mninga, yaliyokatwa sawa.

Leonidas alitaka matofali, maana yalikuwa karibu. Maduhu akakataa. Tofali linapasuka bila kuaga. Na jeki ni ya kuinulia, si ya kulala chini yake. Akalisukuma gari kwa nguvu pande zote. Lilipotulia, ndipo akaruhusu mtu aingie chini.

Alisema jambo jingine pia, nami naliweka hapa lisisahaulike. Pikapu ile springi yake imezunguka shokapu, kwa hiyo mkono ukifunguliwa springi haiponyoki. Yapo magari mengine ambayo springi imekaa juu ya mkono wenyewe, imebanwa. Ukifungua hayo bila kifaa chake, springi inaruka na inaweza kuua mtu. Gari la namna hiyo lipelekwe gereji.

Wakatoa magurudumu. Wakachomoa pini ya boli jointi, wakafungua nati yake. Kifundo kikagoma. Leonidas akataka kupiga nyundo kwenye nyuzi za kifundo, pale nati inapojizungusha, Maduhu akamzuia na kumwonyesha pembeni, kwenye chuma kinachoshika kifundo. Alipopiga hapo, kifundo kikaachia chenyewe. Wakafungua fimbo ya chuma inayoushikilia mkono kwa mbele, wakafungua bolti ya bega. Mkono wa zamani ukaanguka mavumbini. Raba ya katambuga ikatoka vipande vipande, ina rangi ya mawese.

Wakaingiza mikono mipya. Kila bolti waliianza kwa vidole kwanza. Wakakaza boli jointi, wakatia pini mpya. Wakakaza ile fimbo. Ilibaki bolti ya bega tu, kila upande.

Jua lilikuwa linashuka. Leonidas akachukua spana, akaanza kuikaza. Gari bado liko juu, magurudumu yametolewa, mikono imening'inia.

"Acha," alisema Maduhu. "Hiyo inakazwa gari likiwa chini."

Leonidas alikuwa amechoka. Akasema gari likiwa chini atapitaje, na hapa juu kuna nafasi nzuri, na bolti ni bolti. Kesho ni Alhamisi. Maduhu akaanza kueleza habari za raba, maneno yakamkwama, akachanganya na Kisukuma.

Annonciata alikuwa amekaa kwenye kinu kilicholazwa, ananyonyesha.

"Baba Odeta," alisema, "Sista anaufunga mguu ukiwa umekaaje?"

Leonidas akamtazama.

"Anaunyoosha kwanza," alisema Annonciata. "Anauweka vile anavyotaka ukae. Ndipo anafunga. Angeufunga umening'inia umepinda, ungekaa umepinda."

Maduhu alipiga paja lake. "Mayu amemaliza."

Ndivyo ilivyo. Bushi ikikazwa mkono umening'inia, raba inashikwa hapo chini. Gari likisimama, raba inajinyonga saa zote, hata gari likiwa limelala. Haichukui muda inachanika. Ikikazwa gari limesimama kwa uzito wake, raba inapumzika pale itakapoishi.

Leonidas aliweka spana chini. Wakarudisha magurudumu, wakakaza nati zake. Wakatafuta mbao pana nene, wakalishusha gari magurudumu ya mbele yakiwa juu ya mbao hizo, ili mtu apate nafasi ya kupita, na mawe yakabaki mahali pake. Wakakaa wote wawili kwenye boneti, wakalichezesha gari juu na chini lipate kutulia. Annonciata alicheka mpaka Odeta akaachia ziwa. Kisha Leonidas akatambaa kwa tumbo chini ya gari, akakaza bolti ya kushoto, akakaza ya kulia. Hakupaka kitu.

Asubuhi waliondoka umande haujakauka. Leonidas aliendesha pole pole, akikanyaga breki taratibu mahali peupe kuona kama gari linavuta. Halikuvuta. Ukungu ulikuwa umelala kwenye mbuga, na pikapu ilipita ndani yake bila sauti. Annonciata aliniambia alihisi kama hawagusi ardhi. Alimkumbuka njiwa wake.

Sista Immaculata alifungua plasta, akautazama mguu, akasema umerudi nyuma kidogo, si sana. Akaunyoosha, akaushikilia, akafunga. Safari hii Leonidas alisogea karibu akaangalia mikono ya Sista tangu mwanzo mpaka mwisho. Baadaye walipitia gereji ya mjini, magurudumu yakanyooshwa yaelekee sawa, kama Maduhu alivyowaagiza, maana ukibadilisha mikono hiyo, kazi hiyo haiachwi. Baada ya safari chache nati zote zilikaguliwa tena.

Hawakukosa Alhamisi nyingine. Plasta ya mwisho ilitolewa mvua za kwanza zilipoanza. Mguu wa Odeta ulitoka mwembamba, mweupe kwa unga wa plasta, unyayo umeangalia chini kama mwenzake. Sista alimshika kwapani, akamsimamisha mezani. Unyayo wote ukagusa meza.

Walirudi nyumbani jioni na mvua ndogo. Maduhu alikuwa mlangoni na kibuyu cha maziwa. Alitaka kuona mguu kwanza, halafu tairi. Alipitisha kiganja kwenye tairi, akakuta limelika sawa pande zote. Akaenda kwake kwa ng'ombe wake, na walijua amelala mapema, maana filimbi anayopiga kila usiku zizini haikulia.

Odeta alilala kabla hajamaliza kunyonya, mguu wake nje ya kanga. Leonidas alilala na viatu. Annonciata alibaki macho, anasikiliza mvua ikipiga bodi ya pikapu uani.

Ndipo akasikia, mbali: kwii, kwii. Akainua kichwa. Gari lilikuwa palepale, limesimama juu ya miguu yake, kimya. Sauti ilitoka mtini. Alikuwa njiwa, wa kweli, amekimbia mvua.

Annonciata akaufunika mguu wa mtoto, akarudisha kichwa chini, akalala.