Mteja Anauliza Kama Una Mke

"Huyu hapa," Jawahir alisema, akaisukuma simu yake juu ya meza hadi karibu na birika. "Ndiye anayemtaka binti yangu Hamdi. Nataka kujua jambo moja tu. Kama ana mke."

Shamso aliinama kutazama. Kwenye picha alikuwa Abshir, mume wake, ameegemea lori la mbuzi, anacheka.

Mimi ningeivunja ile simu. Shamso aliirudisha kwa mikono miwili, kisha akamwongezea mgeni chai.

"Yeye mwenyewe anasemaje, habaryar?" alimuuliza, kama tunavyomwita kwa heshima mama wa makamo.

"Amesema mbele ya wazee wetu wote wa Masalani. Mzee mmoja alimuuliza, 'Kijana, una mke?' Akajibu, 'Sina mke.' Kavu kavu hivyo. Lakini moyo wangu unakataa, abaayo, dada yangu. Shati lake lilipigwa pasi vizuri mno."

"Mwanamume hawezi kupiga pasi?"

"Kola anaweza. Mikono ya shati, wallahi hawezi."

Shamso aliyajua mashati hayo kuliko alivyojua viganja vyake.

"Nipe siku chache," alisema. "Nitakupa jibu la kweli."

"Ramlo aliyenielekeza kwako aliniambia wewe humfichi mtu kitu."

"Ramlo anasema mengi."

Kazi hii ya upelelezi hakuisomea popote. Kaka yake Hanad ana duka dogo Botswana, na mtu wa Garissa akipita huko humpa furushi la riwaya za wapelelezi wa kusini mwa Afrika ampelekee dada yake. Si riwaya za bastola. Ndani yake ng'ombe wamepotea, au mke anamshuku mumewe, na mpelelezi anakuja na kubisha hodi. Anauliza habari za watoto na za mvua, anakunywa chai, ndipo anauliza swali lake. Hakuna anayeuawa. Shamso alizipenda kwa hilo hasa, maana habari za kuuawa huku kwetu tumeshiba.

Alizisoma dukani kwake sokoni, anakouza uunsi wa kufukizia nyumba na mafuta ya nywele. Wateja waliokuja kununua ubani wakazoea kukaa, na wakazoea kusema. Kwetu binti haozwi kabla mtu hajaenda kuulizia habari za mchumba, basi Shamso akawa ndiye mtu wa kuulizia. Na kwa kuwa mwanamke wa Kisomali haachi jina la babake akachukua la mume, Jawahir hakuwa na njia ya kujua chai ile alinyweshwa na nani.

Mgeni alipoondoka, Shamso alimpigia Hanad.

"Walaal, hao wapelelezi wako wa huko, kuna aliyewahi kumpeleleza mume wake mwenyewe?"

"Nitajuaje? Mimi nauza sabuni na mikate. Vitabu nakununulia tu, sivisomi." Kisha akauliza, "Mbona sauti iko hivyo?"

"Nimechoka."

"Umechoka na nini?"

"Na kujua mambo."

"Wewe ndiye unayevisoma. Mpelelezi angefanya nini?"

Shamso alifikiri. "Angeuliza kwanza. Kabla ya kulia, angeuliza."

Kesho yake alimfuata sheikh.

"Sheikh, mtu akiulizwa kama ana mke, akajibu hana, na kumbe anaye. Mke huyo ameachika?"

"Inategemea nia yake. Kama alikusudia kumwacha, neno limeshika. Kama alidanganya tu, ndoa ipo, na dhambi ya uongo ni yake."

"Hiyo nia nani anaijua?"

"Mwenyezi Mungu, na yeye mwenyewe. Aulizwe." Sheikh alimtazama. "Huyo mke ni nani, binti yangu?"

"Ni mtu aliyechoka, sheikh."

Abshir alirudi kutoka safarini alasiri moja, vumbi hadi kwenye nyusi, na furushi la maembe ya Masalani mkononi. Alimkuta mkewe sebuleni amejifunika ushungi mpaka kidevuni. Alikuwa amekaa upande wa pili wa mkeka.

"Macaan, mpenzi, mbona umejifunika kana kwamba mimi ni mgeni?"

"Sijui bado kama wewe ni mgeni. Keti. Chai iko hapo."

Abshir aliketi. Shamso akamuuliza habari za barabara. Akamuuliza bei ya mbuzi na hali ya malisho. Abshir alijibu yote, akapumua, akanyoosha miguu. Ndipo Shamso akasema:

"Nina mteja. Anauliza kama una mke. Nimjibu nini?"

Kikombe kilibaki hewani.

"Mteja gani?"

"Mama yake Hamdi."

Abshir alikiweka chini. Kisha akaanza pale wanapoanzia wanaume wote.

"Sheria inaniruhusu wake wanne, Shamso."

"Sheria haijakuruhusu kunifuta. Ungesema unaoa, ningelia, ningekasirika, ningekwenda kwa mama wiki nzima. Lakini ningekuwepo. Wewe umeniondoa duniani kwa maneno mawili."

"Niliogopa. Familia yao haitaki uke wenza. Na wewe..." Alisita. "Wewe hugombi. Mwanamke akigomba, mtu anapata la kujibu. Wewe unafungua kitabu. Watu wa Botswana unawasikiliza hadi jioni, mimi nikiingia hata kichwa huinui. Hamdi aliniuliza, 'Umeshindaje?' Basi. Hilo tu."

Hilo lilimchoma Shamso, na hakujifanya halikumchoma.

"Nafungua kitabu kwa sababu mle ndani watu wanaulizana, Abshir. Sisi humu tunaambiana tu. Gesi imeisha, lori linaondoka, mama anaumwa mgongo. Mara ya mwisho kuniuliza kitu ni lini?"

Abshir alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha.

"Basi leo nauliza mimi," Shamso alisema. "Nilikwenda kwa sheikh. Anasema lile neno lako linategemea nia. Kama ulikusudia kuniacha, mimi si mkeo, na Hamdi utamwoa bila kuwa umedanganya mtu. Kama ulidanganya, mimi bado mkeo, na wewe ni mwongo mbele ya wazee wa Masalani. Nia yako ilikuwa ipi?"

"Shamso, tafadhali."

"Sikutishi. Hata sauti sijapandisha. Nataka kujua nimelala nyumba ya nani siku zote hizi. Sema kweli, nitaipokea yoyote."

Alikuwa akimpenda bado. Ndilo lililomchosha kuliko uongo wenyewe.

"Nilidanganya," Abshir alisema, macho kwenye mkeka.

"Wallahi?"

"Wallahi, sikukusudia talaka. Haikunipitia akilini kabisa. Nilidanganya tu."

"Basi mimi ni mkeo."

"Alhamdulillahi." Aliinua uso. "Sasa mbona hujavua ushungi?"

"Kwa sababu umenikana mbele ya watu, na umenikubali tukiwa wawili. Mimi nilijua nina mume. Wasiojua ni wao. Rudi Masalani."

"Wataniaibisha!"

"Ndiyo."

"Ndivyo wanavyofanya kwenye vitabu vyako?"

"Kwenye vitabu vyangu aliyekosa huenda mwenyewe. Hakuna anayemburuta."

Abshir alitoka bila kumaliza chai. Kama alikuwa anakwenda Masalani au anakimbia, Shamso hakujua. Lakini mteja ni mteja. Akachukua simu.

"Habaryar Jawahir, jibu lako lipo. Ana mke."

"Nilijua! Shati lile! Unamjua huyo mke?"

"Ni mimi."

Ikasikika sauti ya mtu anayekaa chini taratibu.

"Subhanallah. Na ulinipa chai."

"Ulikuwa mgeni wangu."

"Binti yangu, ningejua nisingekuja kwako na ile picha."

"Usingekuja, ningejua lini?"

Baada ya hapo ikawa kungoja. Shamso alipima uunsi, akakosea, akapima tena. Alifungua riwaya mpya na kusoma ukurasa uleule asubuhi nzima. Siku ya pili simu ikalia. Jawahir.

"Usiseme kitu. Sikiliza tu."

Sauti za wanaume, mmoja akikohoa. Kisha mzee akauliza, "Haya, umerudi kutuambia nini?"

"Nimerudi kusema niliwadanganya." Ilikuwa sauti ya Abshir, imekauka. "Nina mke. Anaitwa Shamso. Yuko Garissa. Sikumwacha, na nia ya kumwacha sikuwa nayo. Nilimkana kwa sababu nilitaka kumpata Hamdi bila kuulizwa zaidi. Nawaomba radhi, na namwomba radhi Hamdi."

Wazee walimshambulia wote kwa pamoja. Walimwita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Abshir hakujibu hata moja. Shamso aliweka simu kifuani na kulia, machozi yakidondoka kwenye mizani.

Alipoirudisha sikioni alikuta sauti ya msichana.

"Abaayo Shamso? Mimi Hamdi. Nisamehe."

"Wewe hukunikosea."

"Utamsamehe?"

"Nitamsamehe. Lakini si leo. Leo nataka kulala."

Alifunga duka mchana kweupe, jambo ambalo soko zima lilijadili hadi magharibi. Nyumbani alivua ushungi, akautundika, akalala chini ya feni. Usingizi ulikuwa umeshaanza kumchukua simu ilipoingiza ujumbe wa Abshir.

"Niko njiani. Nije nyumbani, au niende kwa mama?"

Aliusoma kwa jicho moja. Alikaa nao kidogo, kisha akaandika:

"Njoo nyumbani. Lakini usiniamshe."