Asteria Alilikataa Shimo la Saba

Mambo ya watu hayanihusu. Muulize yeyote pale kambini kwetu nje ya Runzewe, atakwambia Maduhu ni mtu wa kubeba masanduku yake ya mawe na kunyamaza.

Kwa hiyo nikikwambia kwamba siku Asteria alipokutana na Sostenes mnadani alivaa gauni la kitenge cha njano, mkanda mweusi kiunoni, na kifungo cha pili kutoka juu kimekatika, ujue nilikuwa napita tu. Nilipita mara kadhaa.

Sostenes alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye mashine ya kuchoronga miamba, ovaroli imekauka tope hadi inataka kusimama yenyewe. Wote wawili wakanyoosha mkono kwenye sahani moja ya chipsi mayai. Ilikuwa ya mwisho.

"Kaka, hiyo ni yangu."

"Dada, nimefika hapa wewe bado unachagua vitenge kule."

"Kumbe ulikuwa unaniangalia."

"Nilikuwa naangalia chipsi. Wewe ulizikinga."

"Na tope lote hilo unataka kushika chakula?"

"Basi nilishe."

Akamlisha. Kwa hasira, lakini akamlisha.

Kumbe binti huyo wa Kishapu ndiye mjiolojia mpya wa kambi yetu. Kazi ilikwenda hivi: Sostenes anatoboa ardhi, mashine inatoa jiwe refu, jembamba kama muwa, mimi nalipanga sandukuni. Mashimo yetu hayaendi wima, yanakwenda mshazari, hivyo Sostenes anapima kwa dira yameelekea upande gani. Asteria anaingiza yote kwenye kompyuta, na programu inamchorea ardhi kana kwamba umeikata kwa kisu kama mkate: udongo mwekundu juu, mwamba wa kijani chini, na humo katikati mshipa mweupe wenye dhahabu.

Mapenzi yakanoga. Simu hazikukoma, na kambi ni hiyohiyo moja.

"Umekula, baba?"

"Nimekula, mama."

"Umekula nini?"

"Sauti yako."

Mimi na sanduku begani, ningeziba masikio kwa mkono gani?

Ndipo likaja shimo la saba. Mchana mmoja Sostenes aliingia kwenye kontena la ofisi bila kubisha hodi.

"Umeniita tapeli."

"Nimeandika kwamba shimo la saba haliaminiki," Asteria akasema. "Sijaandika jina la mtu."

"Kwani lilijitoboa lenyewe? Bosi Donatus kaniambia nifungashe. Anasema nimeokota jiwe kwingine nikalipachika humo. Nikitoka hapa na jina hilo, nani ataniajiri Geita nzima?"

"Ulitaka nidanganye kwa sababu unanipa maneno matamu?"

"Nilitaka uniulize. Mdomo wa kuniuliza nimekula nini unao, wa kuniuliza kazi huna?"

Asteria akaigeuza kompyuta kwa nguvu, nusura iangushe kikombe cha chai. "Njoo uone mwenyewe. Mashimo sita yanakubaliana, mshipa unashuka vizuri. Lako hili hapa. Mshipa uko pembeni peke yake, kama mbuzi aliyeachwa na kundi."

"Kwa hiyo ardhi inafuata mstari wako?"

"Ardhi haina mpenzi. Haina sababu ya kunidanganya."

"Na mimi ninayo?"

Asteria akarudisha macho kwenye kompyuta.

"Jiwe nililiona kwa macho yangu," Sostenes akasema. "Maduhu ndiye aliyelipanga. Muulize."

"Maduhu ana mdomo mrefu mno."

Hilo sitalizungumzia.

"Basi ligeuze hilo shimo," Sostenes akafoka. "Si ndiyo kazi yako, kugeuza watu."

Asteria, kwa hasira tu, ili amwonyeshe kwamba haitasaidia kitu, akafuta mwelekeo ulioandikwa akaanza kulizungusha shimo la saba kwenye mchoro, kidogo kidogo. Likasogea. Likasogea tena. Mshipa ukaingia kwenye mstari na wenzake, ukatulia.

Akaondoa mkono taratibu.

"Kina ni kilekile. Jiwe ni lilelile. Kilichokosewa ni upande tu." Sasa alikuwa anaongea polepole. "Ulipima ukiwa karibu na mashine? Chuma huvuta dira."

"Mimi si mgeni wa kazi hii. Nilisogea mbali."

"Mkononi ulikuwa na nini?"

"Dira."

"Na mkono wa pili?"

Sostenes akaugusa mfuko wake. "Simu."

"Unapima huku unaongea na simu. Mwanamke gani huyo wa saa za kazi?"

"Wewe, Asteria. Ulitaka kujua nimekula nini."

Akatoa dira mfukoni, akaiweka mezani. Asteria akaisogezea simu yake. Sindano ikageuka ikaielekea simu. Spika ya simu ina sumaku.

"Ungekata," Asteria akasema.

"Nikikata unanuna."

"Heri kununa kuliko ufukuzwe."

"Leo ndiyo unasema."

Asteria akasimama. "Twende kwa Donatus. Bomba la plastiki bado limo shimoni, linaonyesha limeelekea wapi; tutapima upya mbele yake. Simu zibaki hapa. Na nitamwambia kosa la kuandika bila kukuuliza ni langu."

Wakapima. Mimi nilikuwa napita tu hapo shimoni. Dira ikasoma karibu kabisa na pale Asteria alipoliweka shimo. Bosi Donatus akaitazama, akawatazama wao. "Sostenes, kafungue mzigo wako. Na huyu akikupigia tena kazini, mnaondoka wote."

Wakarudi kontenani kuchukua simu. Hakuna aliyekaa.

"Bado nimekasirika," Sostenes akasema.

"Kasirika. Hata mimi nimekasirika. Nusura nikupoteze kwa ajili ya wali maharage."

"Nikuoe basi, tupumzike."

"Mtu anachumbia amekunja uso hivyo?"

"Nikitabasamu utaandika kwamba siaminiki."

Asteria akacheka kidogo, akafuta macho kwa pindo la mtandio. "Wazee wangu watataka ng'ombe, Sostenes. Wengi."

"Wataje."

"Na utakwenda Kishapu na uso huohuo?"

"Huuhuu."

"Haya. Nimekubali."

Wakati huo mimi nilikuwa mbali kabisa, napanga mawe yangu, nimeinamia—

"Maduhu," akasema Mama Kudra, mpishi wetu, akiwa na beseni la maji ya vyombo, "hii mara ya pili leo nakukuta umechutama chini ya hilo dirisha la ofisi. Unasogea, au nimwage hivyohivyo?"

Juu yangu dirisha likafunguka, vichwa viwili vikachungulia.